Sehemu Zilizofichika za Intaneti: Zilivyo, na Mtumiaji Anavyopaswa Kujilinda

Intaneti ambayo mtumiaji wa kawaida huiona kila siku, anapoandika maneno machache katika Google na kufungua tovuti zinazojitokeza, ni sehemu ndogo tu ya vitu vilivyohifadhiwa katika kompyuta zilizounganishwa duniani kote. Jambo hilo limezoeleka kuelezwa kwa picha ya mwamba wa barafu, ambao ncha yake iliyo juu ya maji ni tovuti zinazojulikana, na kilindini kabisa wamo wauza dawa za kulevya, wauza silaha na wadukuzi. Picha hiyo imewapotosha wengi, kwa kuwa inachanganya mambo yasiyofanana na kumfanya mtu aogope mahali ambapo huenda asifike maisha yake yote, huku akiiacha bila ulinzi sehemu iliyofichika ambayo ni yake mwenyewe: kumbukumbu zake za benki, za matibabu, za masomo na za laini ya simu. Kwa sehemu kubwa, bidhaa inayouzwa gizani imeibwa kutoka katika kumbukumbu za namna hiyo, na kwa hiyo anayetaka kujilinda anapaswa kwanza kuelewa jinsi taarifa zinavyofichwa, nani aliyezifungia, na zinavyovuja.

Injini ya utafutaji, yaani huduma kama Google au Bing, haiisomi intaneti yote pale mtu anapouliza swali. Hutuma mapema programu ziitwazo vitambazi, ambazo husoma ukurasa mmoja, zikafuata viungo vilivyomo hadi kurasa nyingine, na kuorodhesha zilichokikuta katika faharasa kubwa, na ni faharasa hiyo ndiyo inayotafutwa. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote, ukurasa unaozaliwa pale tu mtu anapojaza fomu, na ukurasa unaodai nywila, yaani neno la siri, haumo katika faharasa hiyo hata kama upo na unafanya kazi saa zote. Mkusanyiko wa kurasa za aina hiyo ndio unaoitwa mtandao wa kina. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Michael Bergman, alikadiria kwamba mtandao wa kina ulikuwa mkubwa kuliko mtandao wa wazi kwa mara 400 hadi 550. Makadirio hayo ni ya intaneti ya wakati ule, lakini yanaendelea kurudiwa kana kwamba yamepimwa jana, na baya zaidi ni kwamba mara nyingi hubandikwa kwenye mtandao wa giza, ambao ni kitu kingine kabisa na ni mdogo sana.

Vilivyomo katika mtandao wa kina ni mambo ya kawaida na halali. Anayefungua barua pepe yake asubuhi yumo humo. Vivyo hivyo mwanafunzi anayeangalia matokeo katika mfumo wa chuo chake, Mkenya anayeomba huduma ya serikali kupitia akaunti yake ya eCitizen, na mfanyabiashara anayepitia taarifa za malipo katika programu ya benki. Isingefaa kabisa kurasa hizo zionekane katika Google, na kutoonekana kwake ni ulinzi unaostahili kudumishwa. Zipo pia hazina za maarifa ambazo injini za utafutaji huzigusa juujuu tu. Mtu anayetafuta hukumu za mahakama za Tanzania hufaidika zaidi akiingia TanzLII na kutumia kisanduku cha utafutaji kilichomo ndani, na anayetafuta za Kenya hufanya vivyo hivyo katika tovuti ya Kenya Law, kuliko yule anayetegemea ukurasa wa kwanza wa Google. Makala za kitaaluma zilizomo JSTOR, ambazo nyingi hufunguka kwa akaunti ya chuo au maktaba, ni mfano mwingine. Nao ukurasa uliofutwa miaka mingi iliyopita huweza kupatikana katika hifadhi ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya kutunza nakala za tovuti. Anayefuta chapisho lake akidhani limekwisha duniani anapaswa kujua kwamba nakala yake huenda imehifadhiwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo linapojitokeza kosa ambalo huwagharimu watu kuliko hadithi zote za mtandao wa giza, nalo ni kudhani kwamba kitu kisichotafutika kimefungwa. Tangu mwaka 1994 wenye tovuti wamekuwa wakitumia faili dogo liitwalo robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster, ili kuviomba vitambazi visipite katika sehemu fulani za tovuti zao. Faili hilo ni ombi lisilo na nguvu ya kumzuia yeyote. Kitambazi chenye adabu hulitii, chenye nia mbaya hulipuuza, na kwa kuwa kila mtu anaweza kulisoma, humwonyesha mwizi mahali ambapo mwenye tovuti hapendi paonekane. Shule au ofisi inayoweka orodha ya majina, namba za simu na namba za vitambulisho kwenye tovuti yake bila nywila, kwa kutegemea tu kwamba hakuna ajuaye anwani ya ukurasa huo, imeiacha orodha hiyo wazi.

Kosa hilohilo hutendwa na watu binafsi. Mwezi Februari 2020 ilibainika kwamba viungo vya mwaliko wa makundi ya WhatsApp vilikuwa vikipatikana kupitia Google, kwa sababu vilikuwa vimebandikwa katika kurasa za wazi na vitambazi vikavisoma kama vinavyosoma kiungo kingine chochote, kiasi kwamba mgeni aliweza kujiunga na kuona namba za simu za wanakikundi. Kwa sababu hiyo, kiongozi wa kikundi cha familia, cha vikoba au cha wazazi wa darasa anapaswa kuwaongeza wanachama mwenyewe, au akilazimika kusambaza kiungo, akibatilishe mara tu waliokusudiwa wanapokwisha kuingia. Nyaraka zilizowekwa katika Google Drive zichunguzwe vilevile: chaguo linalomruhusu kila mwenye kiungo kufungua waraka linafaa kwa tangazo la harusi, lakini halifai kwa nakala ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa au mkataba wa nyumba, ambavyo vinapaswa kufunguliwa kwa watu waliotajwa kwa anwani zao za barua pepe tu.

Mtandao wa giza ni jina la tovuti ambazo hazifikiwi kwa kivinjari cha kawaida, kwa kuwa zimejengwa juu ya mifumo inayoficha mahali ilipo kompyuta inayozihifadhi na mahali alipo anayezitembelea. Mfumo unaojulikana zaidi ni Tor. Wazo lake lilianzia katikati ya miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, ambako Paul Syverson na wenzake wawili walitafuta njia ya kuwasiliana ambayo mtu anayeichungulia njiani asingeweza kubaini nani anazungumza na nani. Programu yenyewe ilianza kutumika mwaka 2002 kwa kazi ya Roger Dingledine na Nick Mathewson, na tangu mwaka 2006 husimamiwa na shirika lisilo la kibiashara. Wapo wanaoshangaa kwamba jeshi liliruhusu chombo chake kitumiwe na kila mtu, lakini sababu yake inaeleweka: kama mfumo ungetumiwa na majasusi wa Marekani pekee, kila aliyeonekana akiutumia angejulikana kuwa ni jasusi, na kwa hiyo usiri wa mmoja ulihitaji wingi wa wengine.

Utendaji wake umeupa jina la kitunguu. Ujumbe unapotoka katika kifaa cha mtumiaji husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, mara tatu, tabaka juu ya tabaka, kisha hupitishwa katika kompyuta tatu za watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali. Kila kompyuta humenya tabaka moja: ya kwanza humjua mtumiaji lakini haijui aendako, ya mwisho huijua tovuti inayotembelewa lakini haimjui mtumiaji, na ya katikati haijui chochote kati ya hivyo viwili. Tovuti zilizojengwa ndani ya mfumo huo huwa na anwani zinazoishia kwa .onion, ambazo katika toleo la sasa zina herufi na tarakimu 56 zilizochanganyika, na hazieleweki wala hazikumbukiki kwa kuzitazama.

Si sahihi kusema kwamba kila anayetumia Tor ana jambo baya la kuficha. Utafiti wa Eric Jardine na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba katika siku ya kawaida ni takriban asilimia 6.7 tu ya watumiaji wa Tor waliokwenda kwenye tovuti hizo zilizofichwa; waliosalia walitembelea tovuti za kawaida kwa njia yenye faragha zaidi. BBC ilifungua anwani yake ya .onion mwaka 2019 ili habari zake ziwafikie watu walio katika nchi zinazozizuia, na vyombo vingi vya habari hutumia mfumo uitwao SecureDrop, ambao hupitia Tor, kupokea nyaraka kutoka kwa watoa taarifa wanaohofia usalama wao. Mwandishi wa habari anayechunguza rushwa, au mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga na anayefuatilia simu yake, ana sababu nzito ya kutaka kusoma na kuandika bila kuonekana, na jamii inayomwona kila mwenye faragha kuwa mhalifu huwaumiza watu hao kwanza.

Hata hivyo, faragha ya Tor ina mipaka ambayo ni hatari kuisahau. Mfumo huficha kile mtu anachotembelea, lakini haufichi kwamba anautumia. Mwezi Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya mabomu kupitia Tor ili mtihani uahirishwe, akakamatwa upesi, kwa kuwa alikuwa ametumia mtandao wa chuo na wachunguzi walihitaji tu kuwatafuta walioingia Tor kwa saa zile. Aidha, kompyuta ya tatu katika mnyororo huona kila kitu kinachotoka bila kusimbwa. Mwaka 2007 mtafiti mmoja wa Sweden aliyeendesha kompyuta za aina hiyo alinasa nywila za barua pepe za balozi na ofisi za serikali zipatazo 100, ambazo watumishi wake walidhani kwamba Tor pekee ilitosha kuwalinda.

Tahadhari hiyo inazihusu pia huduma za VPN, ambazo katika Afrika Mashariki zinatumiwa na watu wengi kuliko Tor. VPN hupeleka mawasiliano yote ya mtumiaji kwa kampuni moja, nayo huyafikisha yanakokwenda, na hivyo mtoa huduma ya simu hayaoni tena lakini kampuni hiyo huweza kuyaona. Wananchi wengi wa Uganda walizijua huduma hizi mwezi Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na wakazitumia kuikwepa kodi hiyo. Lakini intaneti nzima ilipozimwa nchini humo wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, VPN hazikuwa na msaada wowote, kwa kuwa nazo hupita katika njia ileile iliyokatwa. VPN ya bure inastahili kuulizwa inapata wapi fedha za kujiendesha. Onavo Protect, iliyomilikiwa na Facebook, ilitangazwa kama kinga ya faragha huku ikikusanya habari za programu ambazo watumiaji walizifungua, hadi ilipoondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Nchini Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza mwezi Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wanapaswa kuziandikisha, na msomaji aliyeko huko anapaswa kulifahamu sharti hilo kabla ya kupakua programu yoyote ya aina hiyo.

Ama kuhusu masoko ya mtandao wa giza, historia yake inawaonya wauzaji na wanunuzi kwa pamoja. Silk Road, lililofunguliwa mwaka 2011 na kuuza hasa dawa za kulevya, lilifungwa mwezi Oktoba 2013 mwendeshaji wake, Ross Ulbricht, alipokamatwa katika maktaba ya umma mjini San Francisco. Moja ya nyayo zilizowafikisha wapelelezi kwake ilikuwa anwani yake ya barua pepe yenye jina lake, aliyoiandika hadharani miaka miwili kabla. Mwaka 2017 polisi wa Uholanzi walilitwaa kimyakimya soko la Hansa na kuliendesha wenyewe kwa takriban mwezi mzima, huku AlphaBay, lililokuwa kubwa zaidi, likifungwa na wateja wake wakikimbilia Hansa, ambako polisi walikuwa wakikusanya majina na anwani zao. Sarafu ya bitcoin, ambayo wengi hudhani haifuatiliki, huandika kila muamala katika daftari la hadharani ambalo halifutiki, na wapelelezi wamejifunza kulisoma. Anayeepuka polisi bado huweza kuibiwa na wenye soko, kama walivyoibiwa wateja wa soko la Evolution mwaka 2015, waendeshaji wake walipotoweka na bitcoin zenye thamani inayokadiriwa kuwa dola milioni 12.

Kijana anayeambiwa kwamba huko kuna mdukuzi wa kukodi atakayebadilisha matokeo ya mtihani, atakayefungua simu ya mchumba wake, au atakayezidisha salio la fedha, anapaswa kuelewa kwamba anayetoa ahadi hiyo, kwa hali iliyo ya kawaida, hana uwezo huo, na kwamba mnunuzi aliyetapeliwa hawezi kwenda polisi kushtaki, kwani kununua huduma hiyo ni kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya Kenya ya mwaka 2018 zinatambua kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Udadisi mtupu hautoshi kuwa sababu ya kutangatanga katika masoko hayo, ambako mafaili yenye virusi ni mengi na picha za ukatili dhidi ya watoto, ambazo hata kuwa nazo ni kosa, huweza kujitokeza bila kutafutwa.

Jambo linalomgusa kila msomaji, hata asiyewahi kulisikia jina la Tor, ni safari ya taarifa kutoka mtandao wa kina hadi wa giza. Mwaka 2012 wadukuzi waliingia katika hifadhidata ya LinkedIn, yaani ghala la kumbukumbu za watumiaji, na mwaka 2016 anwani za barua pepe na nywila za akaunti zaidi ya milioni 100 zikaonekana zikiuzwa katika soko la mtandao wa giza. Nywila hizo zilikuwa zimevurugwa kwa hesabu ambayo ilikuwa dhaifu, na nyingi zilirejeshwa katika umbo lake la awali. Kwa miaka minne wahusika wengi waliendelea kutumia nywila zilezile, na mara nyingi walizitumia pia katika barua pepe na mitandao mingine, kwa hiyo aliyepata moja alipata funguo za akaunti kadhaa. Wezi hawakai wakibahatisha kwa mkono. Wana programu inayochukua orodha ya nywila zilizovuja na kuzijaribu katika mamia ya tovuti kwa zamu.

Kinga ya kwanza, basi, ni nywila tofauti kwa kila huduma, na kwa kuwa hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka nywila hamsini, inafaa kutumia programu ya kutunza nywila, au hata daftari linalofungiwa kabatini nyumbani, ambalo mdukuzi aliye mbali hawezi kulifikia. Barua pepe ilindwe kuliko akaunti zote, kwa sababu aliyeimiliki huweza kuomba nywila mpya za huduma nyingine zote. Uthibitisho wa hatua mbili, ambao hudai kitu cha pili baada ya nywila, uwashwe katika barua pepe na WhatsApp, na inapowezekana utumie programu inayozalisha namba ndani ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ya simu huweza kuibwa: tapeli aliyenunua jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha mtu huenda kwa wakala au hupiga simu kwa mtoa huduma akidai kwamba amepoteza laini, na akifanikiwa hupokea namba zote za uthibitisho pamoja na fedha zilizomo. Simu inayopoteza mtandao ghafla mahali ambapo za wengine zinafanya kazi ni dalili ya kushughulikiwa dakika hiyohiyo. Nchini Tanzania, na kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya, kupiga *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040 Tanzania na 333 kwa Safaricom.

Anayetaka kujua kama anwani yake ya barua pepe imo katika uvujaji unaojulikana anaweza kuiandika katika tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, ambayo humtajia huduma zilizovuja bila kumwomba nywila. Tovuti yoyote inayodai nywila ya sasa ili kukagua kama imevuja ikimbiwe. Akipokea barua pepe inayotaja nywila yake ya zamani na kudai kwamba kamera ya kompyuta yake imemrekodi, kisha ikimtaka alipe kwa bitcoin, aelewe kwamba mtumaji kwa kawaida ameinunua nywila hiyo katika orodha za namna hii na hana picha yoyote. Asilipe wala asijibu, abadilishe nywila hiyo popote inapotumika bado, kisha aifute barua.

Liko pia jukumu ambalo haliwezi kubebwa na mtumiaji peke yake, kwa kuwa hospitali, shule na wakopeshaji wa mitandaoni ndio wanaoshika kumbukumbu zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaka taasisi iliyovujisha taarifa zinazoweza kuwadhuru watu imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na Tanzania imepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na kuunda tume inayopokea malalamiko. Mwananchi anayeombwa nakala ya kitambulisho mapokezini ana haki ya kuuliza itahifadhiwa wapi, kwa muda gani na nani ataiona, na ofisi isiyoweza kumjibu inastahili kulalamikiwa kabla taarifa zake hazijavuja.